Kazi ya Sauti Katika Habari za Televisheni

Mazungumzo kwa vijana wa Kitengela, Kajiado na kwingineko wanaotaka kujifunza ufundi huu



Watu wengi hudhani kwamba televisheni ni kazi ya macho tu. Humtazama msomaji wa habari, mavazi yake na picha zilizo nyuma yake, wakaridhika. Lakini mtu apendaye kuujua ukweli wa jambo hili aweza kulijaribu nyumbani kwake. Saa moja ya usiku, taarifa ya habari inapoanza, na aizime sauti kwa muda wa dakika tano. Ataona midomo ikienda na watu wakipita, wala hatajua ni bei gani iliyopanda, ni barabara gani iliyofungwa, wala ni nani aliyesema nini. Kisha na airudishe sauti, aipe televisheni mgongo. Hapo atazipata habari karibu zote, ijapokuwa haoni kitu.

Kwa sababu hiyo, yule fundi aketiye katika chumba cha mitambo, asiyeonekana na mtu yeyote, amekabidhiwa jambo kubwa. Maneno ya watu hupita mikononi mwake. Aweza kuyafikisha kama yalivyosemwa, na aweza kuyapoteza. Mazungumzo haya yaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na jinsi kijana wa Kitengela au wa Kajiado awezavyo kuanza kujifunza.

ASILI YA KAZI HII KENYA

Utangazaji wa redio ulianza Kenya mwaka 1928. Televisheni ilifuata mwaka 1962, chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya. Mtambo wa kwanza wa kurushia picha uliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na mawimbi yake yalifika kama maili 15 tu kila upande. Basi mtu wa Kajiado wa siku zile hakuweza kuiona televisheni nyumbani kwake. Tarehe 1 Julai 1964 shirika hilo liliwekwa chini ya Serikali, likaitwa Sauti ya Kenya. Yafaa kukumbuka kwamba jina hilo lilikuwa la redio na la televisheni pia: hata chombo cha picha kiliitwa sauti. Mwaka 1989 jina la Shirika la Utangazaji likarudi, na mwaka 1990 ikaanza stesheni ya pili ya televisheni, KTN. Mwaka 2015 mitambo ya namna ya zamani ilizimwa, matangazo yote yakawa ya dijitali.

Mitambo imebadilika sana katika miaka hiyo. Lakini safari ya sauti kutoka kinywani mwa msemaji mpaka sikioni mwa msikilizaji haikubadilika, na mwanafunzi aanze kwa kuielewa safari hiyo kabla hajagusa kitufe hata kimoja.

SAFARI YA SAUTI

Mtu asemapo hutikisa hewa. Maikrofoni huupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme mdogo sana. Ziko aina mbili zitumiwazo zaidi. Ya kwanza ni ile ngumu ya kushikwa mkononi, iwezayo kuvumilia vumbi na kelele, nayo haihitaji umeme wa kuiendesha. Ya pili huitwa kondensa. Hii husikia hata mnong'ono, lakini yahitaji umeme, ambao kwa kawaida huletwa na waya ule ule kwa nguvu ya volti 48. Mwanafunzi asiyelijua jambo hili aweza kupoteza saa nzima akidhani maikrofoni imeharibika, kumbe haijapewa umeme wake.

Waya wa maikrofoni una nyuzi tatu ndani yake. Mbili huchukua sauti ile ile kwa njia ya kupingana, na ya tatu hukinga. Makelele ya umeme yakiingia njiani, huziingia zile nyuzi mbili kwa pamoja, na mwisho wa safari hufutana yenyewe kwa yenyewe, sauti ya mtu ikabaki safi. Basi waya huo haufai kukanyagwa, wala kuvutwa, wala kukunjwa kwa kuzungushwa kiwikoni kama kamba ya ng'ombe. Kuukunja waya vizuri ni somo la kwanza la kila fundi, na wengi hujulikana kwa hilo kuwa wamefundishwa au hawakufundishwa.

Kutoka hapo sauti huingia katika meza ya kuchanganyia. Mgeni aionapo meza hiyo kwa mara ya kwanza huogopa, kwa maana ina vifundo na taa nyingi mno. Lakini ukiitazama kwa utulivu utaona kwamba ni safu moja iliyorudiwa mara nyingi. Kila safu ni njia ya maikrofoni moja. Juu kipo kifundo kinachokuza ule umeme mdogo. Katikati vipo vya kupunguza au kuongeza sauti nene na sauti nyembamba. Na chini kipo kitelezi, ambacho husukumwa mbele ili sauti itoke, na kurudishwa nyuma ili inyamaze. Aliyeielewa safu moja ameielewa meza nzima.

KIPIMO NA UMBALI

Kosa la kwanza la wanafunzi ni kukuza sauti kupita kiasi. Katika mitambo ya dijitali kiko kikomo kiitwacho sifuri, wala hakuna kitu juu yake. Sauti ikigonga hapo hukatika kichwa, ikakwaruza, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo mafundi huiweka alama yao ya kupimia mahali pa chini, kama desibeli 18 au 20 chini ya sifuri kwa kufuata desturi ya stesheni, ili ibaki nafasi kwa mtu atakayecheka au kupaza sauti ghafula. Wazee walisema kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, nayo yatosha kuwa sheria ya kifundo kile cha juu.

Kosa la pili ni kuiacha maikrofoni mbali na msemaji, kisha kuikuza. Kufanya hivyo hukuza kila kitu: feni, viti, mwangwi wa kuta na gari lipitalo nje. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Umbali ukipunguzwa nusu, sauti ya msemaji ifikayo hupanda kama desibeli 6 bila kugusa kifundo chochote, na makelele ya chumba hubaki pale pale. Maikrofoni ndogo ya kubanwa nguoni iwekwe kama shibiri moja chini ya kidevu.

Hapo pana jambo linalowahusu hasa watu wa Kajiado. Mama wa Kimaasai ajapo studioni akiwa amevaa shanga zake za shingoni na kifuani, maikrofoni ikibanwa kifuani itasikia shanga zikigongana kila apumuapo. Si adabu hata kidogo kumwambia avue pambo la heshima kwa ajili ya waya. Fundi aliyefundika huihamisha maikrofoni, akaibana penye nguo tupu, au akatumia ile ya mkono wa chuma isimamayo mbele ya msemaji. Chombo ndicho kimfuatacho mtu.

STUDIO INAPOKUWA HEWANI

Wakati wa taarifa ya habari fundi wa sauti hafanyi kazi peke yake. Masikioni amevaa hedifoni, ambamo humsikia mwongozaji akitoa amri. Machoni ana karatasi ya mpango wa habari. Na vidole vyake vipo juu ya vitelezi. Mwongozaji asemapo "msomaji", kitelezi cha msomaji kiwe kimekwisha kupanda kabla hajafungua kinywa. La sivyo neno la kwanza humezwa. Msomaji anapomaliza na filamu ya habari kuanza, maikrofoni yake ifungwe mara moja, kwa maana atakohoa, au atamwuliza jirani yake swali, na nchi nzima itasikia. Sheria ni moja: kila maikrofoni ihesabiwe kuwa iko hewani mpaka ihakikishwe kuwa imefungwa. Sheria hiyo yamfaa fundi, na yamfaa msomaji pia.

Jambo linalowasumbua wanafunzi zaidi ya yote ni mazungumzo kati ya studio na mwandishi aliye mbali. Tuseme mwandishi amesimama Kajiado mjini, kama kilomita 80 kusini ya Nairobi, na msomaji yuko studioni. Mwandishi huvaa kisikizi kidogo sikioni ili asikie maswali. Sauti yake hupitia setilaiti iliyo juu kama kilomita 36,000, ikachelewa kama robo ya sekunde kwenda tu. Au hupitia mitandao ya simu, ambapo yaweza kuchelewa sekunde moja au zaidi. Sasa, fundi akimpelekea mwandishi sauti zote za studio kama zilivyo, atamrudishia na maneno yake mwenyewe yaliyochelewa. Mtu asikiaye maneno yake yakimfuata nyuma hugugumia, na aghalabu hunyamaza kabisa. Dawa yake ni kumtengenezea mchanganyiko wake peke yake, wenye sauti zote za studio isipokuwa yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyeweza kutengeneza mchanganyiko huo bila kuambiwa amevuka mto mkubwa katika kazi hii.

Tena wako watu wengine wanaomtegemea fundi huyu, nao ni viziwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilizitaka stesheni za televisheni ziweke katika taarifa za habari mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi ya chini. Mkalimani huyo hutafsiri kile anachokisikia. Sauti ikikatika sikioni mwake, mikono yake haina la kusema, na kiziwi aliyeketi nyumbani hukosa habari kwa sababu ya waya mmoja. Basi fundi wa sauti huwatumikia hata watu wasiosikia.

NJE YA STUDIO: UPEPO WA KITENGELA

Habari nyingi hazizaliwi studioni. Kitengela iko kama kilomita 30 kutoka Nairobi, kando ya barabara iendayo Namanga, na zamani ilikuwa uwanda wa malisho na njia ya wanyama wa mwitu. Leo ni mji wenye watu wa makabila mengi. Upepo wa uwanda ule haukuondoka, na malori hupita usiku na mchana. Upepo ukiipiga maikrofoni iliyo wazi hutoa ngurumo nene inayofunika maneno. Kwa hiyo maikrofoni ya nje huvikwa sifongo, na juu yake manyoya ya bandia. Msemaji naye husimamishwa ili mwili wake au ukuta wa nyumba uuzuie upepo, na maikrofoni iipe barabara kisogo.

Hali kadhalika, mvua ikinyesha juu ya paa la mabati hakuna maikrofoni itakayoshinda. Yafaa kuhamia chini ya paa la nyasi, au ndani ya gari, au kungoja. Baada ya mazungumzo fundi hurekodi ukimya wa mahali pale kwa nusu dakika, watu wote wakiwa wametulia, ili mhariri apate kitu cha kuziba mapengo. Na akienda mnada wa ng'ombe, hurekodi njuga, kwato na sauti za wanunuzi, maana hizo ndizo zimwambiazo mtazamaji kwamba habari hii imetoka mahali pa kweli.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni madogo. Katika ukame wa miaka 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi. Mfugaji aulizwapo amefiwa na ng'ombe wangapi akajibu "sitini", na upepo ukazimeza silabi za mwisho, msikilizaji hubaki hajui kama ni sita ama ni sitini. Kwa mtu wa mbali tofauti hiyo ni ya silabi tu; kwa mwenye boma ni mali yote ya baba yake. Tena mwaka 2024, mwezi wa Aprili na Mei, mvua kubwa iliufanya mto Athi ufurike, maji yakafika Kitengela. Siku kama hizo watu hutaka kujua barabara gani imefungwa na wapitie wapi. Jina la barabara lisiposikika, onyo halikutolewa.

SAUTI YA MZEE NA SAUTI YA MKALIMANI

Katika Kaunti ya Kajiado, ambayo hesabu ya mwaka 2019 iliikuta na watu 1,117,840, wako wazee wengi waelezao mambo yao vizuri zaidi kwa Kimaasai kuliko kwa lugha nyingine yoyote. Maneno yao yakitangazwa katika habari za Kiswahili, hufunikwa na sauti ya mkalimani. Hapa fundi ana kazi ya heshima. Amwache mzee asikike kwanza kwa sekunde chache kwa sauti yake kamili; kisha aishushe taratibu, bila kuizima, na ya mkalimani ipande juu yake; na mzee anapomaliza, maneno yake ya mwisho yaachwe yasikike tena. Kwa njia hiyo mtu ajuaye Kimaasai aliyeko Bissil au Loitokitok aweza kupima mwenyewe kama tafsiri ni ya haki. Fundi akiizima sauti ya mzee kabisa, ameondoa ushahidi, hata kama hakukusudia mabaya.

Jambo la kukata maneno ni zito zaidi. Ardhi ndiyo habari kubwa ya upande huu tangu malisho ya jumuiya ya Kitengela yalipogawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi katika miaka ya 1980. Mzee akisema, "Tutaiuza ardhi hii, ikiwa wazee wote watakubali," na mtu akakata hapo penye mkato ili kupata sekunde tatu, limebaki "Tutaiuza ardhi hii." Sauti ni ya mzee yule yule, kila neno ni lake, na habari ni ya uongo. Majirani zake watamhukumu kwa neno ambalo hakulisema. Fundi aliyeisikia rekodi nzima huwa ndiye pekee ajuaye kilichokatwa, kwa hiyo hana budi kumwambia mhariri kabla habari haijaenda hewani, hata kama saa imefika na watu wana haraka.

NAMNA YA KUANZA

Kijana atauliza, Nitaanzia wapi, nami sina studio? Na aanze na kilicho karibu. Kanisa, msikiti, shule na mikutano ya chifu, kote huko vipo vipaza sauti na maikrofoni, na aghalabu hakuna mtu anayevitunza. Ajitolee kuvifunga na kuvifungua, kukunja nyaya, kubandika majina juu ya kila kitelezi. Ajizoeze kutafuta hitilafu kwa utaratibu: maikrofoni kwanza, kisha waya, kisha meza, kisha kipaza sauti, akibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Mtu abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichokuwa kibovu. Awe na daftari, aandike kila hitilafu na dawa yake.

Simu ya mkononi nayo yafaa kwa mazoezi. Arekodi mtu mmoja akisoma maneno yale yale katika mahali patatu: chumba kitupu, chumba chenye mapazia na magodoro, na nje penye upepo. Akisikiliza kwa makini atajifunza juu ya mwangwi mambo ambayo kitabu hakiwezi kumsikilizisha. Asome pia hesabu na fizikia za shuleni, hasa umeme na mawimbi. Kwa mafunzo kamili kiko Chuo cha Mawasiliano ya Umma cha Kenya, kilichopo Nairobi, ambacho kilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuwafundisha mafundi wa mitambo ya utangazaji. Na wasichana wasiambiwe kwamba kazi hii ni ya wanaume. Sikio halina jinsia.

Sikio hilo litunzwe, maana halina kipuri. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka wa usalama, na kila zikiongezwa 3 muda hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Kijana afunguaye hedifoni mpaka mwisho kila siku anauza chombo chake cha kazi kabla hajaajiriwa.

Na siku atakapoingia studioni, afike mapema kuliko wote. Ajaribu kila maikrofoni kwa sauti ya mtu atakayeitumia, maana sauti za watu hazilingani. Aweke betri mpya katika zile zisizo na waya, na nyingine mfukoni, kwa kuwa akiba haiozi. Aweke maikrofoni ya pili karibu na msomaji, ikiwa tayari. Baada ya hayo na aketi, anyamaze, asikilize. Taarifa ikienda vizuri hakuna atakayemtaja, wala jina lake halitajulikana Kitengela wala Kajiado. Lakini mzee wa Bissil atakuwa amesikiwa kama alivyosema, na mama aliye ng'ambo ya mto atakuwa amejua njia ya kupita kesho asubuhi.